Sikio Lisilo na Kope

Hedifoni za bei ya juu zisizotumia waya hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: humletea mvaaji sauti aliyoichagua, na humwondolea zile ambazo hakuzichagua. Kazi ya kwanza ina zaidi ya miaka 100. Ya pili ni changa, na ndiyo iliyoliamsha swali la kale. Jicho lina kope. Asiyetaka kuona hufumba. Pua huzibwa kwa vidole, ulimi hukaa nyuma ya meno. Sikio halikupewa kifuniko. Mtu anapolala macho yamefungwa lakini masikio yangali kazini, ndiyo maana mama huamshwa na kilio cha mwanawe usiku ambao ngurumo za mvua hazikumwamsha. Tangu binadamu awepo, kusikia kumekuwa nyumba isiyo na mlango: anayepita huingia. Sasa mlango umepatikana, na ufunguo wake unauzwa dukani. Linalobaki kuulizwa ni kama mtu ana haki ya kuamua ni nani asikike kwake na nani asisikike, na kama anayo, haki hiyo inakoma wapi.

Kiswahili kina namna yake ya kulitazama jambo hili. Kitenzi kusikia hakikomei sikioni. Mtu husikia harufu ya mkate, husikia baridi, husikia njaa, husikia uchungu. Mambo mengi yanayompata mtu bila kuomba ruhusa husemwa kuwa ameyasikia. Kusikiliza ni jambo jingine: hapo nia imeongezwa, mtu ametega sikio. Na kusikilizana kumepita mipaka ya watu wawili kutegeana masikio, kwani mke na mume wasiosikilizana hawapelekwi kwa daktari wa masikio; kilichokosekana kati yao ni mapatano. Mtoto mkaidi huambiwa hasikii, mtiifu akasifiwa kuwa msikivu. Lugha, kwa hiyo, imekwisha kupanga ngazi: kupokea, kisha kukusudia, kisha kuafikiana na kutii. Hedifoni hugusa kidato cha chini kabisa cha ngazi hiyo. Haijulikani mara moja kama vidato vya juu vinaweza kusimama cha chini kikiondolewa.

Aristotle alilikaribia swali hili katika risala yake kuhusu hisi. Aliona kuwa jicho hufundisha mengi zaidi juu ya vitu, lakini sikio ndilo linalochangia zaidi hekima, kwa sababu hoja husafiri kwa maneno na maneno husikika. (Alichokosea ni kiungo. Lugha za alama zimethibitisha kwamba viziwi huhojiana na kutafakari kwa mikono kama wengine wanavyofanya kwa sauti. Hoja yake ya msingi, kwamba hekima hutoka kwa mwingine, haijaguswa.) Hans Jonas, mwanafalsafa Myahudi mzaliwa wa Ujerumani, alirudi hapo mwaka 1954 katika insha juu ya utukufu wa kuona. Kwa maelezo yake, anayeona ni bwana: huchagua pa kuelekeza macho, na kinachotazamwa hakimfanyi lolote. Anayesikia yuko chini ya kile kinachotokea. Sauti huanza pale mwingine anapotenda, si pale msikiaji anapotaka. Jonas alilihesabu hilo kuwa upungufu wa sikio. Linaweza kuhesabiwa vilevile kuwa heshima yake, maana ni kwa kupitia udhaifu huo ndipo mwingine humfikia mtu kabla hajaamua kama anamtaka.

Wanasheria wa Kiislamu walilipima jambo hili kwa undani kuliko wanafalsafa wengi, tena katika mas'ala ya kawaida kabisa: sijida ya kisomo. Zipo aya za Kurani ambazo msomaji akizifikia husujudu. Je, anayezisikia naye? Wanazuoni walimtofautisha mustami', aliyekaa akasikiliza kwa kukusudia, na sami', ambaye sauti imempata akiwa katika shughuli zake. Wahanbali humtaka asujudu yule wa kwanza tu. Wahanafi huwawajibisha wote wawili: sikio likishapokea, wajibu umefika. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika mwambao wa Afrika Mashariki, sijida ni sunna kwa wote, ila imetiliwa mkazo zaidi kwa aliyekusudia. Ndani ya hitilafu hiyo ndogo mna swali zima la hedifoni: je, sauti iliyompata mtu bila yeye kuitaka inamdai kitu?

Wahanafi walikwenda mbele zaidi. Walisema mwangwi wa kisomo haumlazimishi mtu kusujudu, wala kisomo cha ndege aliyefunzwa maneno, kwa sababu nyuma ya sauti hiyo hakuna msomaji mwenye nia. Zama zetu zilipoleta kaseti na rekodi, wanazuoni wengi waliupata mfano wao hapo. Kanisa Katoliki nalo, kwa sababu zake lenyewe, halikubali maungamo yanayofanywa kwa simu: padre na muungamaji lazima wawe pamoja. Kwa kipimo hiki sauti iliyo ndani ya hedifoni ni mwangwi. Inafanana na sauti ya mtu kwa kila hali, isipokuwa mtu mwenyewe hayupo, na kwa kuwa hayupo hawezi kudai kitu wala kukosewa adabu. Huenda hiyo ndiyo raha yake kubwa. Anayesikiliza rekodi anaweza kuikatiza katikati ya neno bila kumkosea mtu.

Ufundi wa kuzima kelele ulibuniwa mapema kuliko inavyodhaniwa. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza ya Marekani mwaka 1936 kwa wazo la kuiua sauti kwa sauti. Sauti ni wimbi la hewa inayobanwa na kulegezwa. Ikipelekewa wimbi jingine la nguvu ileile lakini lililopinduliwa, hewa iliyokuwa inabanwa hulegezwa papo hapo, na mawimbi mawili hufutana. Wazo lilisubiri vifaa vyenye kasi ya kutosha. Mwaka 1978 Amar Bose, mhandisi na mwalimu wa MIT ambaye baba yake alikuwa mpigania uhuru wa Bengali aliyekimbilia Marekani, alikuwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Boston. Alivaa hedifoni walizogawiwa abiria, akakuta muziki umemezwa na mngurumo wa injini. Kabla ya kutua alikuwa ameshaandika hesabu za mwanzo za kuuondoa. Kampuni yake ilihitaji zaidi ya miaka kumi kufikia hedifoni za marubani, zilizotoka mwaka 1989, na abiria wa kawaida wakauziwa za kwao mwaka 2000.

Namna chombo hiki kinavyofanya kazi inastahili kutazamwa polepole. Juu ya kila kikombe, upande wa nje, kuna maikrofoni ndogo, na mara nyingi nyingine iko ndani. Haziachi kusikiliza. Ili kelele ifutwe lazima kwanza isikike yote, ipimwe, ipinduliwe, irudishwe. Ndani ya hedifoni tulivu, kwa hiyo, mna msikilizaji asiyechoka, anayesikia kila kitu ili mwenye masikio asisikie. Na kile kinachoitwa kimya hakikupatikana kwa kelele kutoweka. Kimeundwa kwa kelele mbili zilizosimama uso kwa uso, nguvu sawa, hakuna inayomshinda mwenzake. Betri ikiisha, dunia hurudi mara moja, kwani haikuwa imekwenda popote.

Kuna la pili, nalo ni zito zaidi. Ufundi huu huweza sauti nene zinazojirudia: injini, feni, magurudumu ya treni, jenereta. Juu ya takriban hezi 1,000 nguvu yake hupungua, na sauti inayobadilikabadilika ghafla huiponyoka. Sauti ya mtu anayezungumza, hasa konsonanti zinazobeba maana, iko upande huo wa kuponyoka. Kwa maumbile yake, basi, mashine huiondoa injini kwanza na binadamu mwisho. Anayetaka kuuzima mngurumo wa feni anaweza kukiachia chombo kazi yote na kubaki na kimya. Anayetaka kumzima jirani anayeongea inambidi aongeze kitu mwenyewe: afungulie muziki, kisha aupandishe. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu asipite desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na linakadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni 1 wamo hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya kusikiliza bila kujihadhari. Ni takwimu za afya, lakini zina upande wake wa maadili. Kuifuta mashine hakugharimu sikio chochote. Kumfuta binadamu hulipiwa na sikio lenyewe.

Matangazo ya biashara huiita hali hii utulivu, na neno hilo lina uzito wake katika dini. Eliya, alipokimbilia mlima Horebu, alipitiwa na upepo wa kupasua miamba, tetemeko na moto, na Mungu hakuwamo humo. Kilichofuata kilikuwa sauti hafifu ambayo angeikosa kama moyo wake ungekuwa na shughuli nyingine. Mtume Muhammad alikuwa na mazoea ya kujitenga katika pango la Hira nje ya Makka. Kilichomjia humo mwaka 610 kilikuwa amri asiyoitarajia, naye alirudi kwa Khadija akitetemeka. Benedikto wa Nursia, aliyewaandikia watawa kanuni katika karne ya 6, aliianza kwa kumwagiza mtawa atege sikio, kisha akatenga sura nzima kwa ajili ya kunyamaza. Na katika Ubuddha wa China, bodhisatva wa rehema, Guanyin, ana jina lenye maana ya anayezitambua sauti za ulimwengu, yaani vilio vya wanaoteseka. Huruma yake inaanzia sikioni.

Katika mifano hii yote mtu hunyamaza ili afikiwe na jambo ambalo hakulichagua. Utulivu wa hedifoni unaelekea upande wa pili: mahali pakishasafishwa hujazwa papo hapo kwa kile ambacho mvaaji amekwisha kukipanga kwenye orodha yake. Mtunzi wa muziki wa Marekani John Cage aliingia mwaka 1951 katika chumba kisicho na mwangwi katika Chuo Kikuu cha Harvard akitumaini kusikia kimya kitupu. Alisikia sauti mbili, moja nyembamba na moja nene, akaambiwa na mhandisi kuwa ya kwanza ni mishipa yake ya fahamu na ya pili ni damu yake ikizunguka. Mwaka uliofuata alitoa kazi yake ya 4′33″, ambamo mpiga piano hapigi kitu, na watu hubaki na vikohozi vyao, upepo wa nje na matone ya mvua juu ya paa. Cage hakuwa mhubiri, lakini alichokigundua kinakubaliana na uzoefu wa wacha Mungu wa jangwani: ukiondoa kelele za nje unakutana na nafsi yako, na watu wengi hawana hamu na mkutano huo. Hedifoni yenye muziki humwepusha mtu na jirani na, kwa bei ileile, humwepusha na nafsi.

Haifai, hata hivyo, kuifanya kelele kuwa kitu kitakatifu. Kelele pia ni dhuluma. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku na analala mchana kati ya spika za baa na spika za nyumba ya ibada hajamnyima mtu haki yake akiziba masikio. Mwanafunzi anayesoma katika chumba kimoja na ndugu watano anahitaji mahali, na kama hakuna ukuta, hedifoni ndiyo ukuta. Wapo watu, wakiwamo wengi wenye usonji, ambao ubongo wao hauchuji sauti: kijiko kinachogonga sahani, honi na mazungumzo ya pembeni huingia vyote kwa nguvu moja, na kwao chombo hiki ni dawa. Dini zenyewe hazikuwa na subira na kelele za wachaji. Imepokewa kuwa Mtume, akiwa katika itikafu msikitini, aliwakataza watu kuinuliana sauti za kisomo wasije wakaudhiana. Kama kisomo cha Kurani kinaweza kuwa udhia kwa jirani, hakuna sauti inayoweza kudai kinga.

Hapa ndipo bei inapoingia katika hoja. Apple ilipotoa AirPods Max mwishoni mwa mwaka 2020 iliziuza kwa dola 549; za Sony, Bose, Sennheiser na Bowers & Wilkins zinazoshindana nazo nazo si za mtu wa kipato kidogo. Zamani utulivu wa mtaa ulitengenezwa na watu wote pamoja. Ulitokana na adabu, na aibu ya kuonekana mtu asiyejali, na mzee wa mtaa aliyetumwa kwenda kuongea na mwenye redio. Serikali nazo zimejaribu. Kenya, kwa mfano, ilitunga kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo mwaka 2009. Utulivu wa aina hiyo ukipatikana humfikia kila mtu, mwenye fedha na asiye nazo, na mtoto mchanga. Utulivu wa hedifoni humfikia mnunuzi peke yake. Tena humwondoa katika safu ya walalamikaji, na mara nyingi ndiye mwenye sauti inayosikilizwa ofisini. Basi likiwa na makelele na nusu ya abiria wamejifunika masikio, nusu nyingine imepoteza mashahidi. Haya hayakupangwa na mhandisi yeyote, lakini ndivyo hutokea kila mara jambo lililokuwa la wote linapogeuzwa kuwa bidhaa ya mmoja mmoja. Maji ya kunywa yalitangulia katika njia hiyo.

Ubora wa sauti nao una swali lake. Spika iliyo chumbani humwekea msikilizaji muziki mbele yake, mahali fulani, na akigeuza kichwa unabaki pale pale. Hedifoni hufanya kinyume. Kwa kuwa kila sikio hupata sauti yake peke yake, na umbo la kichwa na chumba halihusiki tena, ubongo huiweka sauti katikati ya fuvu, pale mtu anapohisi mawazo yake yanazungumza. Watengenezaji wamejaribu kuirudisha nje kwa hesabu zinazofuata miendo ya kichwa, na wamefanikiwa kiasi. Lakini kwa wasikilizaji wengi mhubiri wa hedifoni bado husemea ndani. Katika kitabu chake cha mwaka 2006, mwanaanthropolojia Charles Hirschkind alieleza jinsi kaseti za mawaidha zilivyosikilizwa Cairo, katika teksi na maduka, abiria na dereva wakiitikia, wakipinga, wakitoa machozi pamoja. Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na kaseti zake, zikichezwa vibarazani na madukani. Waadhi ule ulikuwa na mashahidi. Mhubiri akitia chumvi, mmoja alikohoa, mwingine alitikisa kichwa. Maneno yaleyale yakisemwa katikati ya fuvu la mtu mmoja hupoteza kikohozi hicho, na msikilizaji huweza kufika mahali asipojua vizuri kama wazo ni lake au la msemaji. Waadhi mzuri na waadhi wa hatari vyote hunufaika na ukaribu huo.

Kuhusu uzito wa sauti yenyewe, muziki unaosafiri bila waya hupunguzwa kwanza. Diski ya muziki hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde; kodeki (njia ya kuibana sauti) ya LDAC iliyobuniwa na Sony hufika 990, na nyingine za kawaida huishia chini sana ya hapo. Sehemu kubwa ya kinachotupwa ni kile ambacho hesabu zimeamua kuwa sikio halitakikosa. Mara nyingi hesabu husema kweli.

Jina la ufundi unaozibeba data hizo lina historia ya kidini. Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, alipewa lakabu yenye maana ya jino la bluu. Katika jiwe alilolisimamisha Jelling alijisifu kwa kuunganisha nchi na kuwafanya watu wake Wakristo. Wahandisi wa miaka ya 1990, wakiendeleza kazi iliyoanzia kwa Ericsson mjini Lund, Uswidi, walilichukua jina hilo la Bluetooth kwa kuwa walitaka kuunganisha simu na kompyuta za kampuni mbalimbali, na nembo yake bado ni herufi mbili za kale za jina la mfalme zilizobebana. Vifaa viwili vikishatambulishana hubadilishana siri, kisha huruka pamoja kati ya njia 79 za redio mara 1,600 kwa sekunde, kwa mpangilio unaowaacha wengine nje. Mfalme aliunganisha watu kwa imani moja, na pengine kwa nguvu. Bluetooth huunganisha chombo na chombo katikati ya umati, na umati haujui.

Mtindo, ambao wauzaji huuweka mwisho wa maelezo yao, kwa swali hili hauko mwisho. Hedifoni za mwanzo hazikuwa pambo. Nathaniel Baldwin, Mmormoni wa Utah, alizitengeneza jikoni kwake, na mwaka 1910 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilizipokea kwa kuwa zilisikika vizuri. John Koss wa Milwaukee alizipeleka sebuleni mwaka 1958 kwa ajili ya muziki. Zilipotoka barabarani ndipo zikawa vazi. Waya mweupe wa iPod mwaka 2001 ulitambulika toka mbali. Beats, za msanii Dr. Dre na mtayarishaji Jimmy Iovine, zilifanya vikombe vikubwa vya rangi kuwa alama ya kijana wa mjini, na mwaka 2014 Apple ikainunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 3. Sasa ni alumini, ngozi laini na rangi za mchanga. Mavazi yote husema kitu. Kanga ina jina lake upindoni, na mwanamke aliyeijua lugha ya kanga huweza kumjibu jirani, kumshukuru mama au kumkata kauli mke mwenza bila kufungua kinywa. Ujumbe unawafuata watu. Hedifoni iliyo kichwani ina ujumbe mmoja kwa wote: mvaaji hayupo. Na kadiri ilivyo nzuri, ndivyo ujumbe huo unavyopokelewa bila kinyongo.

Waliotengeneza hedifoni za kutembea nazo waliliona tatizo tangu siku ya kwanza. Akio Morita wa Sony aliona ni kukosa adabu mtu kusikiliza peke yake mbele ya mwenzake. Walkman ya kwanza, iliyotoka Julai 1979, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni na kitufe cha rangi ya chungwa: kikibonyezwa, muziki hushuka na maikrofoni hufunguka ili wawili waongee. Wanunuzi hawakujali. Kila mtu alitaka yake, na kitufe kikaondolewa katika matoleo ya baadaye. Miaka 41 baadaye Sony ilirudisha kitu kama hicho katika hedifoni zake za mwaka 2020: muziki husimama wenyewe mazungumzo yanapoanza. Lakini kinachousimamisha ni sauti ya mvaaji. Yeye akisema, mlango hufunguka. Mwenzake akisema, haufunguki. Teknolojia nyingine za aina hiyo zimefuata mkondo uleule, na sababu ya kiufundi inaeleweka, kwani chombo hakina njia rahisi ya kujua ni yupi kati ya wapita njia anayemkusudia mvaaji. Hata hivyo mpangilio huo umegeuza utaratibu wa salamu. Anayepiga hodi ndiye husubiri karibu ya mwenyeji; hapa mwenyeji peke yake ndiye mwenye hodi.

Jibu la watengenezaji ni hali ya uwazi, ambamo maikrofoni hupokea sauti za nje na kuzipitisha. Mvaaji husikia kila kitu kama kwamba hajavaa. Bado kuna upungufu, nao hauko kwake. Anayemsemesha haoni tofauti yoyote. Kwake masikio yale yamezibwa. Kusikilizwa bila kujua kuwa unasikilizwa ni nusu ya kusikilizwa. Mfano wake uko katika hadithi za Waswahili. Msimuliaji akisema paukwa husubiri pakawa, na asipoipata haendelei, ingawa anawaona wasikilizaji wote mbele yake wakiwa macho. Katika mazungumzo ya kawaida naam, enhe na ehe hufanya kazi hiyohiyo. Haziongezi habari hata kidogo. Zinamhakikishia msemaji kuwa yuko ndani. Ndiyo maana kushusha hedifoni shingoni, au kutoa kidude kimoja sikioni, kumekuwa adabu mpya inayoeleweka karibu kila mahali bila kufundishwa na mtu. Kiufundi si lazima tena. Hufanywa kwa ajili ya macho ya mwingine.

Lipo pia tukio ambamo chombo hiki kilitumika kwa kazi iliyo kinyume kabisa na kujitenga. Katika kesi za Nuremberg, zilizoanza Novemba 1945, washtakiwa, mahakimu na mawakili walivaa hedifoni ili kila mmoja apate katika lugha yake yaliyosemwa kwa Kijerumani, Kiingereza, Kifaransa na Kirusi. Arusha iliona jambo hilo kwa miaka mingi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2015, iliwasikiliza mashahidi waliosema Kinyarwanda. Maneno yao yalipitia Kifaransa kabla ya kufika Kiingereza, mkalimani baada ya mkalimani. Hakimu asiyejua neno la Kinyarwanda alikaa na sauti hiyo katikati ya fuvu lake, karibu kuliko ambavyo ingekuwa chumbani. Hapo ukaribu uleule unaotia shaka katika mawaidha ulikuwa namna ya kutenda haki. Kuvua hedifoni ndiko kungekuwa kutosikiliza. Katika hija nako hotuba ya Arafa hutafsiriwa papo hapo kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo, na hujaji mwenye kidude sikioni huwa ameingia katika mkutano kwa njia hiyo.

Matumizi haya yanaongezeka. Mwaka 2022 Bluetooth ilitangaza njia ya kurusha sauti kutoka chanzo kimoja kwa yeyote aliye karibu mwenye kifaa kinachofaa, bila kuunganishwa mmoja mmoja, na nyumba za ibada ni miongoni mwa mahali palipokusudiwa. Septemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha programu inayozifanya AirPods Pro kuwa kisaidizi cha kusikia kwa watu wazima wenye upungufu mdogo au wa wastani. Kwa kutazama nje, anayezivaa ili asisikie na anayezivaa ili asikie wanafanana. Khutba ya Ijumaa ina adabu kali: hata kumwambia jirani anyamaze huhesabiwa upuuzi. Anayemwona mzee aliyeketi safu ya mbele na vidude vyeupe masikioni hawezi, basi, kumuuliza lolote wakati imamu anaendelea. Atajua swala ikiisha, atakapompa mkono na kumsalimia kwa sauti ya chini, na mzee akaitika.